Bendi za Mageni wa Karasha Namba Tatu

Karasha Namba Tatu,
Mwakitolyo.
Jumapili, 9 Juni 2024

Mtangazaji Apolonia,
Kipindi cha Saa ya Magitaa,
Redio Mwale, Geita.

Habari za kazi. Jana ulisema anayekipenda kipindi aandike barua kwa mkono, aitie kwenye bahasha, asitume meseji. Haya, nimeandika. Dereva wa gari la Kahama ameahidi kuikabidhi kwa mwenzake wa basi la Geita, kwa hiyo ikifika imekunjamana usinilaumu mimi.

Kwanza nikuambie ukweli: mimi si mjuzi wa muziki huo wa roki. Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, na hata hapo hakikuwa kingi. Nasikiliza kwa sababu redio yetu hapa kwenye mashine ya kusaga mawe inashika stesheni mbili tu, na ile nyingine Jumamosi saa kumi jioni inatoa matangazo ya vifo. Siku ya kwanza nilidhani karasha limemeza jiwe kubwa. Nikazima injini. Kelele ikaendelea. Ndipo nikajua ni wewe.

Ulitaka kila mtu ataje bendi anazozipenda. Zangu ni tatu.

Ya kwanza ni Tini Bishopsi. Mpiga ngoma wao anapiga kama mtu anayejua uzito wa jembe. Kwetu Usukumani kuna bugobogobo, ngoma ya kulimia. Huyo angekuwa mbele yetu shambani tungemaliza ekari kabla jua halijawa kali.

Ya pili ni Radi Kavu wa Arusha, maana wanaimba Kiswahili na angalau najua wanalalamikia nini.

Ya tatu sikulishika jina. Wanaimba lugha isiyo Kiingereza, na mwimbaji ni mwanamke mwenye sauti ndefu, kama anaita ng'ombe waliovuka mto. Naomba uniambie ni akina nani.

Silva Kanali siwapendi sana. Yule wa gitaa akianza peke yake unaweza kubandika maharage, yakaiva, ukaepua, bado yuko pale pale.

Usinitaje sana hewani. Kuna mahali natakiwa kila Jumamosi saa kumi na moja, na siku hizi nachelewa kwa sababu yako.

Mimi msikilizaji wa kupita,
Mageni N.


Redio Mwale,
Geita.
Ijumaa, 14 Juni 2024

Kaka Mageni,

Mambo! Barua imefika ikiwa na alama ya tairi kwenye kona, lakini kila neno linasomeka. Una mwandiko mzuri kuliko wangu. Kesho nitaisoma hewani. Ile ya karasha kumeza jiwe lazima niisome, unisamehe.

Barua tunazopokea ni nyingi na siwezi kujibu kila mtu, ila wewe umeuliza swali. Wale uliowapenda bila kuwajua jina wanaitwa Hallavaara. Wanatoka Finlandi, kwenye theluji. Hata mimi sielewi wanachoimba. Nikiwatangaza huwa nasema "wimbo huu unahusu mapenzi," nabahatisha, na mpaka leo hakuna Mfini aliyepiga simu kunisahihisha.

Halafu Tini Bishopsi si jina la mtu. Maana yake ni Maaskofu wa Bati. Usiogope, hawajawekewa mikono na kanisa lolote. Ni vijana wanne wa Uingereza, na mmoja wao alikuwa fundi bomba.

Kuhusu Silva Kanali tutagombana. Hao ndio bendi yangu ya kwanza tangu nikiwa kidato cha pili. Tafadhali wasikilize tena bila maharage jikoni.

Wewe ni mchimbaji? Una umri gani? Na hapo saa kumi na moja unawahi wapi, kwa mchumba? Niambie, wasikilizaji watapenda kukujua.

Apolonia


Mwakitolyo,
Alhamisi, 20 Juni 2024

Mtangazaji Apolonia,

Maaskofu wa Bati! Nimecheka mpaka mwenye mawe akadhani nayacheka mawe yake. Akaniuliza, "Kwani hayana dhahabu?" Nikamwambia hayo nitayajulia wapi mimi, kazi yangu ni kusaga.

Umri wangu unatosha kuendesha karasha. Saa kumi na moja siendi kwa mchumba. Kuna kundi tunakutana kufanya mazoezi, na mimi ndiye katibu wake. Mwandiko umetokea huko.

Jumamosi nilikusikia ukisema "kaka yetu Mageni wa Mwakitolyo." Waliokuwa kwenye foleni ya kusaga wakaanza kutazamana, ni nani huyo. Hapa hakuna anayeniita Mageni, nina jina jingine la mtaani. Mimi nikainama nikaongeza dizeli kwenye injini ambayo haikuwa na shida ya dizeli.

Silva Kanali nimewasikiliza tena nikichambua mchele. Nakubali pale mwishoni, gitaa linapotulia na wenzake wanarudi wote kwa pamoja, ni pazuri. Ni kama watu wanaorudi nyumbani wakamkuta mwenzao aliyewatangulia. Lakini kwa nini wanipitishe njia ndefu hivyo?

Hallavaara nimewapandisha wawe wa pili. Radi Kavu wasikasirike, ni ndugu zetu, watavumilia.

Sasa na mimi nina swali. Ulisema barua ni nyingi. Jumamosi ulisoma yangu nusu ya kwanza, ukapiga wimbo, ukasoma yangu nusu ya pili. Za wengine ziko wapi?

Mageni N.


Geita,
Ijumaa, 28 Juni 2024

Kaka Mageni,

Umenishika.

Barua si nyingi. Siku ile nilipokuandikia ilikuwepo moja, yako. Leo ziko nne: mbili zako, moja ya mama yangu, na moja ya mtu wa Katoro anayeuliza kama tunanunua mbuzi.

Nikueleze yote. Mtangazaji aliyenitangulia katika saa hii alikuwa akisoma meseji mia kila wiki. Mkurugenzi wetu, Bwana Valerian, akaja kukuta kwenye droo yake laini za simu kumi na moja. Alikuwa anajiandikia mwenyewe. Akafukuzwa siku ile ile. Mimi nilipoomba kipindi cha roki, Bwana Valerian akaniambia, "Binti, Geita nani anasikiliza hayo? Niletee barua ishirini za mkono, za watu tofauti, ifikapo tarehe thelathini na moja Agosti. Zisipofika, saa hiyo nawapa wauza dawa za mifugo." Sikutaka kulisema hewani. Mtu akijua unaombaomba barua anakuonea huruma, na huruma haiwi usikilizaji.

Nina miaka ishirini na sita. Nimesoma habari na matangazo ya vifo na bei za pamba, na sijawahi kukaa mbele ya maikrofoni nikiwa na furaha mpaka kipindi hiki. Ndiyo hivyo. Sasa unajua.

Usifanye chochote. Nimekuambia kwa sababu uliuliza.

Apolonia


Mwakitolyo,
Alhamisi, 11 Julai 2024

Mtangazaji Apolonia,

Umesema nisifanye chochote. Humu ndani kuna barua saba.

Sikumwomba mtu. Niliweka redio juu ya lundo la mawe, ambako inashika vizuri, nikaongeza sauti, basi. Foleni ya kusaga ni ndefu na mtu hana pa kwenda. Jumamosi ya kwanza walilalamika. Ya pili wakaanza kubishana. Mwanamume mmoja wa kule kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, jina lake Benjamini, alisema Maaskofu wa Bati ni kelele tupu, na Ghati, mama wa Tarime anayeosha mchanga wa dhahabu kwenye mwalo, akamjibu, "Wewe unakoroma usiku kucha, mkeo amewahi kulalamikia hizo kelele?" Basi ikawa hivyo jioni nzima. Nikawaambia: mtangazaji anataka kujua nani kati yenu ana akili, andikeni.

Wanne wameandika wenyewe. Watatu hawajui kuandika, nimewaandikia mimi kama walivyosema bila kuongeza neno, nao wametia dole gumba. Wa kwanza ni huyo Ghati, anayetaka Maaskofu wa Bati tu, wengine wote uwafute. Wa pili ni Vumilia muuza chapati. Yeye ni wa Radi Kavu, anasema wakiimba unga unaumuka. Wa tatu ni mzee Makoye. Alileta ng'ombe zake kunywa maji akawasikia Hallavaara. Alisimama mpaka wimbo ukaisha. Kisha akaniambia, "Huyo mwanamke kapoteza ndama." Nikamwambia mtangazaji anasema ni mapenzi. Akatikisa kichwa: "Ni ndama."

Ukipata Mfini muulize.

Mageni N.


Geita,
Jumatano, 24 Julai 2024

Kaka Mageni, kaka yangu kabisa,

Nimelia ofisini. Fundi mitambo alidhani nimefiwa.

Nilipomaliza kusoma ile ya mzee Makoye hewani simu ziliwaka. Nikawaambia wote, simu sitaki, andikeni. Wameandika! Bugarama mbili, Kahama moja, hapa mjini moja ya dereva wa bodaboda. Nikijumlisha na zako na zile za mwanzo, walioandika ni watu kumi na wanne. Bado sita tu na mwezi mzima uko mbele.

Nimemwambia Bwana Valerian kwamba haya yote ni kazi ya msikilizaji mmoja. Akasema, "Basi mlete tumwone." Kwa hiyo nakualika rasmi, na Jumamosi hii nitalisema hewani: tarehe 3 Agosti uje studio, ukae nami saa nzima, utaje bendi zako kwa kinywa chako. Chakula cha mchana juu yangu.

Nataka sana kukuona. Nimeshakuwazia ulivyo: mrefu, mpole, huongei sana mbele za watu. Nimekosea?

Apolonia


Geita,
Jumapili, 4 Agosti 2024

Ndugu Mageni,

Leo sijui nikuiteje.

Ulikuja jana. Ulivaa miwani ya jua ndani ya studio. Nilikukaribisha kwa furaha yote niliyokuwa nayo, nikakuuliza hewani unawapendea nini Maaskofu wa Bati. Ukasema unawapenda kwa sababu ni watu wa dini. Nikakuuliza juu ya Hallavaara. Ukasema ni kijiji kizuri, ulishapita. Kisha ukaomba kutuma salamu, ukasalimia watu thelathini na wawili kwa majina, na wa mwisho ukamwambia akuwekee nyama.

Ningecheka. Kama si Bwana Valerian kuwa amesimama nyuma ya kioo, ningecheka mpaka leo.

Ulipoondoka alinitaka nimletee barua zote. Akazipanga mezani. Akasema, "Huyu mtu hajui kitu. Tena angalia: hizi za Mageni na hizi tatu za dole gumba ni mwandiko mmoja. Mwandiko wa katibu, wa mtu aliyezoea ofisi. Nani hapa amezoea ofisi?" Alikuwa ananitazama mimi. Anaamini nimeziandika mwenyewe na kumtafuta mtu wa kuja kujifanya. Jumatatu ya tarehe 12 nina kikao. Mwenzangu wa laini kumi na moja hakupewa hata kikao.

Barua zako zimenipa miezi miwili mizuri. Kama si wewe uliyeziandika, mwambie aliyeziandika kwamba nilizipenda. Na kama ulikuwa unanichezea, basi umecheza vizuri kuliko bendi zote.

Apolonia


Mwakitolyo,
Jumatano, 7 Agosti 2024

Mwanangu Apolonia,

Naanza hivyo ili usome kwa utulivu. Mimi ni mwanamke. Nina miaka hamsini na tisa. Nina watoto watano na wajukuu wanane. Mageni ni jina nililopewa na baba yangu, na hapa halijulikani kwa sababu tangu nizae mtoto wa kwanza kila mtu ananiita Mama Lusia. Hata Ngassa mume wangu ananiita hivyo. Kundi ambalo mimi ni katibu wake ni kwaya ya kanisa, na nimeimba humo miaka thelathini na moja.

Ulipoandika "Kaka Mageni" nilicheka, nikasema nitamsahihisha barua ijayo. Barua ijayo ikaja nikaona raha. Kwa miaka mingi mtu hajaniuliza mimi napenda nini. Wananiuliza mawe yamesagwa, chakula kimeiva, mtoto amepona. Wewe uliniuliza bendi. Nikahofu nikisema mimi ni bibi utanijibu kwa adabu na kuacha kubishana nami kuhusu Silva Kanali. Na nikahofu kwaya. Mwalimu wetu Eustace ni mtu wa nyimbo za taratibu. Nikawaza watakavyosema, Mama Lusia na Maaskofu wa Bati.

Aliyekuja kwako ni Benjamini, yule niliyekuandikia habari zake. Ulipotoa mwaliko hewani, alisimama kwenye kibanda cha Vumilia akasema, "Mageni ndiyo mimi, ni jina langu la redioni." Watu wakamnunulia soda. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, barua yako ya mwaliko ikiwa ndani ya kanga yangu. Nilinyamaza. Tena nilishukuru. Nikasema heri aende yeye, aibu itapita, kipindi kitabaki. Sikuwaza kwamba aibu ile itakuangukia wewe.

Jumamosi iliyopita nilisikiliza nikiwa juu ya lundo la mawe. Alipofika mtu wa kumi na tano katika salamu zake niliteremka. Sikujua bado ya kikao, lakini nilikusikia ulivyosema "asante kwa kuja." Sauti yako ilikuwa kama ya mtu aliyemwagikiwa maji.

Basi sikiliza. Jumapili baada ya ibada niliomba nafasi ya matangazo. Nilisimama mbele nikasema jina langu ni Mageni, mimi ndiye ninayeandika redioni, na anayetaka kucheka acheke sasa tumalize. Walicheka, ndiyo. Eustace hakucheka. Aliuliza tu zamu ya kusoma somo la pili Jumapili ijayo ni ya nani.

Jumamosi hii tarehe 10 nakuja Geita. Nakuja na Ghati, Vumilia na mzee Makoye, na madole gumba yao. Ngassa amesema atalisimamia karasha, ingawa hajawahi kuliwasha. Barua hii isiponitangulia nitakusomea mwenyewe.

Mama yako,
Mageni


Geita,
Jumatatu, 19 Agosti 2024

Mama Mageni,

Shikamoo! Shikamoo ya leo, na shikamoo za zile barua nne nilizokuita kaka na ndugu. Jumla ni tano. Zipokee zote kwa pamoja.

Tangu muondoke sijapata nafasi ya kukaa nikaandika. Nakueleza mliyoyakosa, maana mlikimbilia basi.

Kwanza, Bwana Valerian. Mnakumbuka alivyokuwa amekunja uso mlipoingia, na Ghati akamwambia, "Wewe ndiye unayemnyima mtoto usingizi? Lete wino." Mzee Makoye alipobonyeza dole gumba kwenye karatasi mpya na kuliweka kando ya lile la zamani, Bwana Valerian alichukua miwani, akazitazama, akazitazama tena. Ulipokaa pale mezani ukaandika mbele yake "Mimi ndimi Mageni, hakuna aliyenituma," nilimwona mabega yakishuka. Hamkuyasikia aliyoniambia baadaye mlangoni. Aliniambia, "Apolonia, nimekukosea. Nilichomwa na yule wa kwanza nikadhani kila mtu ni yeye." Kikao hakikufanyika.

Pili, ile saa yenyewe. Nimeirekodi na nimeshaisikiliza mara sita. Pale unaposema, "Mimi muziki huu siujui, naupenda tu, mtu akingoja ajue ndipo apende atazeeka," fundi mitambo alipiga meza. Na mzee Makoye alivyoimba kidogo, kumwonyesha yule mwanamke wa Finlandi namna ndama anavyoitwa kwetu, nilisahau kama tuko hewani. Nilikaa kimya sekunde tisa. Redioni sekunde tisa ni kama wiki.

Tatu, barua. Wiki iliyopita zimekuja thelathini na nne. Nyingi ni za akina mama! Hosiana wa Nyarugusu anasema amekuwa akisikiliza kwa siri stoo. Mwingine, muuguzi mstaafu, anakuunga mkono kuhusu maharage. Bwana Valerian hazihesabu tena, anakuja kuzisoma akiwa amesimama, na jana nilimsikia kwenye korido akipiga mluzi wa Silva Kanali. Kipindi kimeongezwa kuwa saa mbili.

Wale wa dawa za mifugo wamekuwa wadhamini wetu. Mzee Makoye asikie hilo.

Mwisho. Nilikosea kukuwazia. Wewe si mrefu, si mpole, na unaongea sana. Afadhali hivyo.

Mwanao,
Apolonia


Mwakitolyo,
Jumapili, 1 Septemba 2024

Mwanangu Apolonia,

Marahaba. Zote tano nimezipokea, na moja nimempa Ngassa kwa sababu ameteseka. Siku ile aliwasha karasha vizuri, akashindwa kulizima. Lilisaga hewa mpaka nilipofika.

Kwaya hawajanifukuza. Wanawake wawili wamekuja kando, mmoja mmoja, kuniuliza masafa ya stesheni. Eustace bado hajasema kitu. Ananipa nyimbo mpya nizinakili kama kawaida na kuondoka. Ningependa zaidi anigombeze.

Benjamini alinijia Jumatatu. Alisimama mbele yangu kama mtu anayengoja kupimwa. "Mama Lusia, nisamehe, nilitaka tu kusikika." Nikamwambia hilo nalielewa kuliko anavyodhani, na mimi pia nilimwacha aende. Tumemalizana. Sasa anasikiliza kwa bidii ili siku nyingine akiulizwa ajue. Hallavaara ameambiwa si kijiji, hajakubali.

Nimebadili orodha. Silva Kanali wameingia nafasi ya tatu. Usitangaze, nitafuatwa na yule muuguzi.

Mama yako,
Mageni


Geita,
Jumanne, 10 Septemba 2024

Mama shikamoo,

Nakuandikia kwa haraka, basi linaondoka. Radi Kavu wamesikia ile saa yetu! Mtu aliwatumia. Wamempigia Bwana Valerian wenyewe: wanakuja Geita, Jumamosi tarehe 28, uwanja wa mpira, kuanzia saa tisa alasiri. Na wamesema wanataka yule mama wa karasha awe mbele kabisa.

Sema utakuja. Sema sasa hivi, mwambie huyu dereva, atanipigia.

Apolonia


Mwakitolyo,
Jumatatu, 30 Septemba 2024

Mwanangu Apolonia,

Wabeja sana, ndiyo asante ya kwetu Usukumani. Tumefika salama, wote kumi na wanane tuliokuja uwanjani. Nakuandikia kwa sababu kusema siwezi.

Wewe ulikuwa jukwaani na maikrofoni yako, hukuona tulivyokuwa kule chini. Mimi nilidhani nawajua Radi Kavu. Redio ilinidanganya. Redioni ngoma inaingia sikioni. Pale iliingia kupitia nyayo. Pigo la kwanza Vumilia alinishika mkono. La pili akaniachia akaanza kuruka. Ghati alikuwa tayari amevua viatu. Ngassa wangu, mtu wa ng'ombe, ambaye hata kwenye harusi yetu alicheza akiwa amekaa, alisimama na fimbo yake akaipandisha na kuishusha, juu, chini, uso umekaza kama yuko kazini. Nilimtazama nikasahau jukwaa. Miaka thelathini na nane, na sikujua kama ana hiyo ndani yake. Wakati wa kurudi aliniambia, "Mageni, kumbe ndiyo hiki ulichokuwa unasikiliza." Aliniita Mageni.

Na yule mpiga ngoma wao ni msichana mdogo wa mwili! Nilidhani ni jitu. Aliponiona akaninyooshea fimbo ya ngoma, na watu wote wakageuka. Hapo ndipo nilipoanza kuimba. Niliimba kila wimbo, na nisioujua nikauimba kwa sauti zaidi. Kulia kwangu alikuwepo mtu amejifunika kofia mpaka machoni, anaimba sauti ya nne safi kabisa, haitetereki. Nikawaza, sauti hiyo nimeshaisikia mahali. Sikumwangalia vizuri. Mtu akijifunika kofia anataka aachwe.

Jana Jumapili tulikuwa na wimbo mgumu, na sauti ya kwanza inanitegemea. Nikafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Hata upepo. Mwalimu Eustace akasimamisha kwaya. Alikuja mpaka mbele yangu, na naye aliponiuliza alitoa mkwaruzo kama wa jogoo mgonjwa: "Mama Mageni, sauti yako imeenda wapi?"

Nikachukua kalamu yangu ya ukatibu, nikamwandikia: Iko Geita, pamoja na ya kwako.

Mama yako,
Mageni